Barua kwa mwanangu: mji unaoupita bila kuuona

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza mbona umekaa huko muda wote huu na mji bado unakukataa, hujui ila njia ya kwenda kazini na kurudi. Tena unataka kujua kama uhame mtaa huo uliojaa wageni wenzako.

Mji haujakukataa, hujauona tu. Mwaka 1960 Kevin Lynch, mtaalamu wa mipango miji wa Marekani, alichapisha utafiti alioufanya Boston, Jersey City na Los Angeles. Wakazi waliombwa wachore mji wao kwa kumbukumbu. Walichobeba kichwani kilikuwa njia, mipaka, mitaa, makutano na alama kubwa. Wewe una njia moja na simu. Unatoka kituo cha treni, unasimama mlangoni ukiigeuzageuza simu mpaka kile kishale kikubali kutazama unakotazama, huku watu wanakupiga vikumbo. Unafika, ndiyo, ila ulikopita hukukuona. Siku ukiwa na nafasi, shuka kituo kimoja kabla, simu iwe mfukoni. Ukipotea, potea. Lakini iwe mchana, usiku sikutumi. Dada zako watakwambia mwanamke anavyohesabu taa na vichochoro kabla hajaamua apite wapi.

Kuhusu mtaa, usione haya. Ernest Burgess, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliandika mwaka 1925 kwamba wahamiaji wa Chicago walifikia karibu na katikati ya mji, kwenye nyumba chakavu, kisha wakasogea nje kadiri walivyojiweza. Si kila mji uko hivyo. Kwingine mgeni husukumwa pembezoni tangu siku ya kwanza. Sababu za wageni kukaa pamoja ni zilezile: kodi nafuu, na mtu wa kukwambia fomu ipi hupelekwa ofisi ipi. Wanaokuhimiza uhame haraka ili uzoeane na wenyeji hawakulipii kodi. Kaa hapo, ila usimalizie kila kitu hapo. Maktaba au uwanja wa mpira, tafuta pale ambapo hakuna anayejua ukoo wako, uende siku ileile, saa ileile, kila wiki. Watu wataanza kukuitikia kwa kichwa kabla hamjajuana majina.

Na lile begi ulilosema hujalifungua lote, lifungue. Tundika picha ukutani. Mwenye nyumba akikataza misumari, gundi ipo.

Mama yako