Sufuri kwa sababu ya herufi moja

Uliza Dada Mhariri: barua zenu za mwezi huu

Habari yako dada mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa uandishi wa habari, mwaka wa 3, chuo sitakitaja. Kuna darasa moja la kuripoti habari ambalo limenimaliza kabisa. Lekchara wetu ana sheria moja tu, ukikosea jina la mtu, tarehe ama namba yoyote kwa stori, hiyo kazi ni sufuri, hajali umeandika vizuri aje. Juzi niliamka nikafika soko la Marikiti hapa Nairobi saa kumi na moja alfajiri, nikaongea na kina mama wa vitunguu, nikapata stori poa sana ya vile bei imepanda, nikakesha nikiiandika, halafu nikapata 0 kwa 15 juu niliandika Wanjiku na huyo mama anaitwa Wanjiru. Herufi moja dada! Na akaisoma mbele ya darasa lote. Wenzetu wa darasa lingine wanapata A bila hata kutoka hosteli. Nafikiria kuliacha hilo somo nichukue lingine. Kwani mtu anajifunza nini hapo? Komredi aliyechoka, Ngara.

Mdogo wangu, pole kwa hiyo sufuri, na pole zaidi kwa kusomwa mbele ya watu, hapo nitarudi. Lakini usiliache hilo somo. Nivumilie nikueleze kwa nini, manake jibu langu limetoka kwa kitu nilichokifanya mwenyewe na bado sijakisahau.

Mimi pia nilipitia mikononi mwa lekchara wa aina hiyo. Wetu alikuwa mama mmoja wa sauti ya chini sana, na ukimpelekea stori alikuwa anaweka kidole chini ya kila jina na kila namba, anakuuliza "umejuaje?" Jina hili, umejuaje? Umri huu, umejuaje? Ukimwambia nilisikia hivyo, anakurudishia karatasi hapo hapo bila kuendelea kusoma. Tulimuona mtu mgumu asiye na huruma. Na kuna jambo moja alilirudia karibu kila wiki, nalo ni saa. Alikuwa anasema mtu akikuambia saa nne usiandike 4, andika "saa nne usiku" kwa maneno, vile vile alivyotamka, halafu kando ndio uweke 10 ya Kizungu. Mimi niliona huko ni kujisumbua bure, nani asiyejua kubadilisha saa?

Basi nikaenda atachimenti, yaani mazoezi ya kazi, kwenye gazeti moja dogo la Kiingereza hapa tao. Siku moja stoo ya magodoro ikaungua kule Industrial Area nikatumwa mimi, nikampata soja, yaani mlinzi wa hapo, mzee wa makamo, koti bado linanuka moshi, akanieleza vizuri kabisa: aliona moshi ikikaribia saa nne, saa nne kamili akapiga kamsa na kukimbia geti la jirani kuomba msaada. Kwenye daftari nikaandika 4. Jioni dedlaini imefika, kila mtu anakimbia, mhariri amesimama nyuma ya kiti changu, naandika kwa Kiingereza, naangalia daftari naona 4, naandika 4am. Saa nne ya usiku ikageuka saa kumi ya alfajiri na hakuna mtu aliyeshtuka, hata mimi.

Siku ya tatu yule mzee akaja ofisini. Alikuwa ameukunja ule ukurasa mara nne akauweka kwenye mfuko wa shati. Hakuja na kelele. Aliufungua juu ya meza yangu, akaunyoosha kwa kiganja, akaweka kidole kwenye ule mstari, kama vile lekchara alivyokuwa akifanya, akaniuliza, "Binti yangu, mimi nilikuambia saa ngapi?" Mwenye stoo alikuwa amesoma gazeti. Majirani walishamwambia moto ulianza saa nne usiku, gazeti likamwambia soja aliita watu alfajiri, akahesabu mwenyewe akapata huyu mtu alilala masaa sita mali ikiungua. Mzee akasimamishwa kazi. Tuliandika masahihisho, mistari miwili chini ya ukurasa wa ndani, na mimi nikapeleka kwa mkono wangu barua ya mhariri hadi kwa kampuni yake ya ulinzi. Alirudishwa baada ya wiki tatu, na hizo wiki tatu hakuna aliyemlipa.

Kwa hivyo ukiniuliza mtu anajifunza nini kwa darasa kama hilo, nakuambia hivi: anajifunza kwamba stori si yake. Wewe umeona herufi moja, mama wa vitunguu anaona jina lake. Fikiria vile majina yetu yalivyo. Wanjiku na Wanjiru ni watu wawili tofauti, na pale Marikiti huenda wote wawili wana meza, na huenda uliyemtaja kwa makosa ndiye sasa anaulizwa na wenzake kwa nini ametoa siri za bei kwa wanahabari. Achieng' ana ile alama ya juu mwishoni na haiko hapo kwa urembo, ng' na ng ni sauti mbili tofauti. Kuna Mohamed, kuna Mohammed, kuna Muhammad, na kila mmoja ana kitambulisho chake kimeandikwa hivyo. Ndio maana mimi hadi leo nampa mtu daftari na kalamu aandike jina lake mwenyewe. Kama hawezi, namwomba anitajie polepole, mimi nasoma herufi kwa herufi yeye anasikiliza. Inachukua nusu dakika. Sijawahi kupata mtu aliyekasirika kwa kuulizwa jina lake linaandikwaje, kinyume chake anaketi vizuri, anaanza kuongea kwa makini zaidi, manake ameona huyu anataka kuniandika sawa.

Na usifikirie ni majina tu. Hebu rudia ile stori yako ya bei kabla hujailaumu kalamu nyekundu. Kilo ikitoka shilingi 80 ikafika 120 imepanda kwa asilimia 50, lakini ikishuka kutoka 120 kurudi 80 haijashuka kwa asilimia 50, imeshuka kwa 33 na kitu, na wengi wetu tunaandika 50 pande zote mbili na hatujui. Mwaka wa 2023 kodi ya VAT kwenye mafuta ilipotoka asilimia 8 ikaenda 16, kuna watu walisema imepanda kwa asilimia 8. Hapana, imepanda kwa pointi 8 za asilimia, kodi yenyewe imeongezeka mara mbili. Mtu wa boda boda anayejaza tangi hapo Ngara anahitaji hiyo sentensi iwe sawa kuliko anavyohitaji utangulizi wako mtamu. Na huko sokoni uliuliza bei ya gunia ama ya neti? Ya jumla ama ya rejareja? Ya siku hiyo ama ya wiki iliyopita? Mimi sijaisoma kazi yako, nauliza tu vile huyo lekchara angeuliza.

Sasa kuhusu kusomwa mbele ya darasa. Hilo silitetei. Kosa linaweza kufundishwa darasa zima bila kutaja aliyelifanya, na mwalimu anayetaka tuheshimu jina la mama wa Marikiti anafaa kuheshimu na lako. Nenda ofisini kwake, si kwenye korido, na si ukiwa na wenzako watano. Mwambie kosa umelikubali, mwambie pia ile siku ilikuumiza. Halafu muulize kama kuna nafasi ya kurudia. Wengi wa hawa walimu wakali husubiri mtu aje aulize, na mara nyingi hakuna anayekuja, watu wanalalamika hosteli.

Lakini kabla ya ofisini rudi Marikiti. Nenda saa ile ile ya alfajiri, mtafute mama Wanjiru, mwambie niliandika jina lako vibaya, nimekuja kulichukua vizuri. Hata kama stori haijachapishwa popote. Utanunua vitunguu, mtaongea, na nakuhakikishia utatoka hapo na stori kubwa kuliko ile ya kwanza.

Mwandishi, mimi ni mzazi kutoka Kayole. Msichana wangu yuko mwaka wa 2, anasomea hayo mambo yenu ya habari. Kila wiki anaambiwa aende mahakamani Milimani akae huko siku nzima akisikiliza kesi za watu asiowajua, arudi usiku aandike. Nauli ni yangu. Nimemwuliza hiyo ni masomo gani ananiambia ni ya mwalimu mmoja mkali sana. Je, ni lazima? Mama wa wanne.

Mama, asante kwa kuandika, na najua nauli ya Kayole kwenda na kurudi si mchezo ukiwa na wanne. Si lazima kila wiki, na anaweza kumwomba mwalimu wake wapangiwe siku ili asiende bila mpango. Akishuka tao atembee hadi Milimani, wanafunzi wengi hutembea, kuna jasho lakini hakuna nauli ya pili. Na afike mapema, asome orodha ya kesi za siku ndio ajue anaingia chumba gani badala ya kukaa kwenye baridi ya korido hadi adhuhuri.

Lakini naomba usimzuie. Mahakamani ndipo mwandishi wa Kiswahili anapojifunza uzito wa neno. Mtu akikamatwa ni mshukiwa. Akisomewa mashtaka ni mshtakiwa. Si mhalifu hadi korti iseme hivyo, na Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 50, inasema mtu huhesabiwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo. Sasa angalia habari nyingi tunazosoma: "jambazi auawa", "majambazi watatu wanaswa". Nani amesema ni majambazi? Polisi. Basi andika polisi wanasema. Mwalimu wangu alikuwa anakata neno jambazi kwa mstari mrefu hadi karatasi inatoboka. Kuna na lile "alidai". Tunaliweka kila mahali kana kwamba ni sawa na "alisema", na sivyo, ukiandika mama alidai mtoto wake alipigwa tayari umemwambia msomaji asimwamini sana huyo mama. Ukiandika "alikiri" umeshamhukumu. Alisema ni alisema, linatosha. Mambo haya huwezi kuyapata kwa noti. Yanakuingia ukiwa umeketi benchi ya nyuma, mbele yako kuna kijana wa miaka ishirini na dada yake analia kimya kimya, na unajua kesho huyo dada atasoma ulichoandika.

Msichana wako akirudi usiku, muombe akusomee alichoandika. Kama hukuelewa mahali, mwambie. Wewe ni msomaji na yeye anakuhitaji.

Dada, kifupi tu. Tumepewa kazi ya muhula tufuate pesa za mradi mmoja wa barabara mtaani kwetu. Ofisi ya umma tuliyoenda wametuzungusha mara tatu, ati mkubwa hayuko, ati nyinyi ni wanafunzi mnataka za nini. Lekchara anasema hataki kusikia "walikataa". Tufanye nini? Kundi la watu 4, Umoja.

Lekchara wenu ana haki kwa hili. "Walikataa" inaandikwa ikiwa mna karatasi ya kuonyesha walikataa, na nyinyi hadi sasa mmeenda kwa mdomo tu.

Kuna Sheria ya Kupata Habari ya 2016, imetokana na kifungu cha 35 cha Katiba, na inampa kila raia wa Kenya haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa serikali. Hulazimiki kueleza unazitaka za nini, kwa hivyo lile swali la mnataka za nini lisiwatishe, na kuwa mwanafunzi hakukupunguzii uraia. Ombi linaandikwa kwa Kiingereza ama kwa Kiswahili, sheria yenyewe imesema hivyo, na kuliwasilisha hakulipiwi, wanaweza kudai tu gharama ya kutoa nakala. Wana siku 21 za kujibu. Ikiwa habari inahusu uhai ama uhuru wa mtu ni masaa 48, lakini barabara yenu sidhani itaingia hapo. Wakinyamaza hadi siku ziishe, kimya hicho kinahesabiwa kuwa wamekataa, na mnaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile ambayo wengi tunaijua kama Ombudsman, ndani ya siku 30.

Sasa msiandike "tunaomba habari zote za barabara", hapo mtajibiwa miaka ijayo. Andikeni barabara gani, kutoka wapi hadi wapi, mwaka gani wa fedha, na karatasi gani hasa: mkataba, orodha ya kazi na gharama zake, vyeti vya malipo kwa mkandarasi. Na msingoje na mikono mitupu, ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ziko wazi kwa umma, anzeni kuzisoma leo, huenda mradi wenu umetajwa tayari na mkajua la kuuliza.

Barua muitoe nakala mbili. Moja muwaachie, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe mkiwa mmesimama hapo hapo kaunta, hata wakisema nendeni mtapigiwa. Mmoja wenu aiweke kwenye faili, mwingine aipige picha, halafu muanze kuhesabu siku.