MaikroRNA ikishabana jeni, seli inajinasuaje?

SWALI: Shikamoo Dokta. Nafundisha Baiolojia kidato cha sita hapa Songea. Tangu Ambros na Ruvkun, wagunduzi wa maikroRNA, wapewe Nobeli ya 2024, wanafunzi wangu hawaishi maswali. Niliwaeleza kuwa maikroRNA, kipande kifupi cha RNA, hujishika kwenye mRNA (nakala ya jeni yenye maelezo ya kutengeneza protini) na kuzuia protini isitengenezwe. Binti mmoja akauliza: “Sasa seli ikiihitaji hiyo protini ghafla, inafanyaje?” Nimemwahidi jibu wiki ijayo. – Mwalimu, Songea

JIBU: Marahaba Mwalimu. Huyo binti usimwachie aende uhasibu.

MaikroRNA peke yake haina ubavu. Ni uzi wa herufi kama 22 tu, unaobebwa na protini iitwayo Agonauti kutafuta mahali panapolingana nao, aghalabu kwenye mkia wa mRNA, baada ya maelezo ya protini kwisha. Lakini mkia huo haukai mtupu. Kuna protini nyingine chungu nzima zinazoung’ang’ania, na nyingi kati ya hizo zina kauli kuhusu Agonauti kupata nafasi au kuikosa.

Chukua ini. Seli zake zimejaa maikroRNA iitwayo miR-122, na miongoni mwa inazozibana ni mRNA ya CAT-1, protini inayoingiza asidi amino kama ajinini ndani ya seli. Mwaka 2006 kundi la Witold Filipowicz kule Basel, Uswisi, lilichukua seli za saratani ya ini zinazooteshwa maabara, likazinyima asidi amino. Protini iitwayo HuR, ambayo kwa kawaida hushinda ndani ya kiini, ikatoka hadi kwenye saitoplazimu na kushika mkia wa CAT-1, pale penye herufi A na U nyingi. mRNA zilizokuwa zimefungiwa zikaachiwa, zikarudi kwenye ribosomu, mitambo ya kutengeneza protini. CAT-1 ikaongezeka bila kungoja nakala mpya kutoka kwenye DNA. Mpe binti hiyo.

Ila usiwaandikishe kwamba HuR ni adui wa maikroRNA. Mwaka 2009 ilionekana kuwa kwenye mRNA ya protini c-Myc, HuR hiyo hiyo huisaidia maikroRNA iitwayo let-7 kuikandamiza! Mambo hutegemea protini imeshika wapi, na RNA yenyewe imejikunjaje. mRNA ya p27, protini inayozuia seli isigawanyike, hujikunja hadi mahali pa maikroRNA miR-221 na miR-222 panafichika. Protini Pumilio ikijishika, mkunjo unafunguka na maikroRNA zinapata pa kushika. Hiyo ni kazi ya maabara ya Reuven Agami, Amsterdam, 2010.

Mchoro wa mshale mmoja kutoka maikroRNA hadi jeni unanikera, hasa ukiandikwa “huzima”, maana mara nyingi maikroRNA hupunguza tu. Ubaoni chora mkia mrefu, weka Agonauti na HuR juu yake, kisha waulize darasa nini kitatokea ukiirudishia seli asidi amino.