Barua kwa mwanangu: mkonge, plastiki na akiba yako

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka hapa Korogwe. Mama yako hajambo, goti lake limetulia, na vuli imeanza vizuri.

Ujumbe wako niliusoma usiku nikaona maneno ya simu hayatautosha, ndiyo maana nakuandikia. Umeniuliza: "Baba, Tanzania ilikuwa ya kwanza duniani kwa mkonge, nailoni ikaja ikauua. Leo mnatuambia tuupande tena. Kitu gani kitauzuia usife mara ya pili?" Ukaongeza kwamba unataka kujua akiba yako uitie kwenye ekari zetu za huku au uiache kwenye hatifungani. Swali lako ni la haki, na hao wanaopita vijijini na maspika kuhamasisha watu wapande hawalijibu.

Nailoni ilichukua kamba za meli na nyavu. Iliyotumaliza sisi ni polipropilini, plastiki itokanayo na mafuta ya petroli, iliyoanza kutengenezwa kibiashara mwaka 1957. Nayo ilituweza kwa sababu nchi nzima tulikuwa tunaishi kwa kamba ya aina moja: ile ya kufungia hei, majani makavu ya ng'ombe, kwenye mashamba ya Marekani, Canada na Ulaya. Zulia na magunia yalikuwapo, lakini mshahara wa babu yako ulitoka kwenye ile kamba. Mkulima wa kule hakuwa na mapenzi na mkonge. Alitaka kitu cha kufunga robota lisifumuke, kisichooza mvuani wala kuliwa na panya, kwa bei nafuu. Alipopata kingine, alihama.

Na hiyo haikuwa mara ya kwanza soko letu kutikiswa na mashine ya mtu wa mbali. Mwanzoni kamba ya mkonge ilifunga miganda ya ngano. Ikaja kombaini, inayovuna na kupura kwa mkupuo mmoja, miganda ikakosa kazi. Tungeyumba tangu wakati ule, ila miaka ya 1940 zikaenea mashine za kuokota hei shambani na kuifunga zenyewe kwa kamba, soko likafufuka. Huku Tanga watu waliona bei tu, inashuka, inapanda. Babu yako aliletwa kwa gari moshi kutoka Kigoma kama manamba, akakata mkonge mpaka viganja vikawa kama magome, na hakuna aliyemweleza hata siku moja kwamba chakula chake kinategemea aina ya mashine anayonunua mkulima wa ng'ombe wa upande wa pili wa dunia. Jambo hilo bado linaniuma. Wataalamu walijua. Mabwana shamba walijua. Aliyekuwa na panga mkononi ndiye hakuambiwa.

Tulivyokuwa wakubwa unajua mwenyewe. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vikonyo, yaani miche midogo ya mkonge, 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, vikafika Tanga vizima 62, na kutoka kwenye hivyo yakazaliwa mashamba yote haya. Vita vya Korea vilipoanza mwaka 1950 bei ilipaa. Mwaka 1964 tulitoa takriban tani 230,000. Mwishoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa kwenye tani 20,000 hivi.

Vijiweni utasikia kwamba kilichoua mkonge ni Azimio la Arusha na utaifishaji wa 1967. Mimi sikubaliani nao kwa yote. Usimamizi ulidhoofika, ndiyo, na mashamba mengi hayakupandwa upya kwa wakati. Lakini bei ilikuwa imekwisha kuanza kuporomoka kabla ya Azimio, na Kenya, ambayo haikutaifisha mashamba yake, nayo haikunusurika. Kwa maoni yangu, kilichotuumiza zaidi ni kile kilichotokea baada ya 1973. Bei ya mafuta ilipanda, plastiki ikawa ghali, na mkonge ukapata bei ambayo haijawahi kuonekana. Watu wakasema umerudi. Ule ulikuwa muda wa kupanda upya, kununua mashine, kutafuta matumizi mengine ya singa, yaani nyuzi za mkonge. Ulipita bure. Mafuta yalipotulia, plastiki ilirudi ikatukuta tumechakaa. Kisha zikaja mashine za kufunga hei kwa marobota makubwa ya mviringo, yanayozungushiwa wavu wa plastiki badala ya kamba, na sehemu nyingine ya soko ikaondoka.

Kwa hiyo ukiniuliza kama mkonge utakufa tena, nakujibu kwa swali: singa yako wewe itanunuliwa na nani, na huyo mnunuzi akiikosa atatumia nini badala yake?

Safari hii wanunuzi ni wengi zaidi, na hilo ndilo linalonipa moyo. China inachukua kwa wingi, mwingine wa mazulia, mwingine wa vitambaa vya kung'arishia chuma, mwingine wa kuwekwa ndani ya kamba za chuma. Ile kamba ya waya inayovuta lifti kwenye ghorofa lako la kazini, katikati yake mara nyingi kuna moyo wa mkonge unaoshika mafuta ya kulainisha. Saudi Arabia na Nigeria wanachanganya singa na jasi kwenye dari na mapambo ya nyumba, ndiyo hiyo hiyo mafundi jasi wa Dar wanayoitumia. Wazungu wanafunga kamba ya mkonge kwenye vigogo ili paka wao wakwaruze hapo badala ya makochi. Usicheke, ni soko la kweli na linalipa kwa gredi nzuri.

Ila kila mmoja wa hawa ana njia ya kutokea. Tangu mwaka 2000 kampuni ya Otis inauza lifti zinazovutwa kwa mikanda bapa iliyovikwa plastiki. Mwaka 2013 KONE ya Finland ilitangaza kamba ya lifti ya nyuzi za kaboni. Fundi jasi anaweza kuhamia kwenye nyuzi za fibaglasi akiona ni rahisi kuzipata. Sikuambii haya kukutisha. Nakuambia kwa sababu babu yako hakuambiwa. Hawatahama wote siku moja, na humo ndimo nafuu yetu ilipo, mradi tusirudi tena kumtegemea mmoja.

Kuna jambo la pili ambalo kwangu ni kubwa kuliko soko la nje. Katika uzito wa jani la mkonge, singa ni kama asilimia 4 tu. Asilimia 96 ni maji na nyama ya jani, na kwa zaidi ya miaka mia tumekuwa tukiyamwaga nyuma ya korona, ile mitambo ya kuchakata majani kutoa singa, yakaoza na kuchafua mito. Pale Hale uliwekwa mtambo wa kutengeneza gesi kwa mabaki hayo na kuzalisha umeme, kwa hiyo tunajua kwamba inawezekana. Mabaki yanafaa kwa mbolea, na ng'ombe wanayala. Kiwanda kinachouza asilimia 4 ya kitu chake na kutupa iliyobaki hakina pa kuegemea bei ikianguka. Ukisikia chama au mwekezaji anajenga korona yenye mtambo wa gesi, huyo nitamsikiliza. Anayeniimbia bei ya leo ya tani, sina muda naye.

Serikali ilijiwekea lengo la tani 120,000 kwa mwaka ifikapo 2025, na uzalishaji wa miaka ya karibuni bado haujafika hata nusu ya ule wa 1964. Wakulima wadogo wameitika, wamepanda. Palipokwama ni kwenye korona. Jani likishakatwa linatakiwa lichakatwe ndani ya siku mbili, vinginevyo singa inaharibika rangi na kushuka gredi. Nimefanya kazi kwenye brashi za kusafisha singa na kupanga gredi, najua gredi nzuri ya 3L inavyogeuka UG, gredi ya chini, kwa ajili ya foleni tu. Huku kuna majirani zetu wenye mkonge uliopitiliza shambani, majani yamekomaa, na hawana pa kuyapeleka. Umaskini wao hautokani na plastiki. Umetokana na kupanda kabla ya kuuliza nani atachakata.

Ushauri wangu basi. Usitie akiba yote. Chukua theluthi, hatifungani ziache zikae. Usikope hata shilingi, kwa sababu mkonge hukatwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu hivi, na riba haisubiri miaka mitatu. Tupande sehemu ya juu ya shamba, kule bondeni maji yanatuama na mkonge haupendi miguu yake ilowe. Katikati ya mistari tutie maharage misimu ya mwanzo, ndiyo yatakayolipa palizi.

Mbegu tuchukue ile chotara ya 11648 iliyozalishwa kwenye kituo cha utafiti cha Mlingano, kwa sababu inatoa majani mengi mara mbili na zaidi ya ule mkonge wa kawaida kabla ya kuchanua na kufa. Lakini tukague kitalu kwanza. Chotara hiyo inashikwa na ugonjwa wa madoa ya majani ambao dunia nzima wanauita kwa jina la mji wetu, na miche mibovu ikishaingia shambani hutaitoa.

Jumamosi kuna mkutano wa AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima. Nitauliza mambo matatu: foleni ya korona inachukua siku ngapi wakati wa mavuno, mkulima anakatwa kiasi gani kwa kuchakatiwa, na UG inamwendea nani. Nikipata majibu yanayoeleweka, nitakupigia jioni yake tupange siku ya kwenda kitaluni. Wakinizungusha, tutapanda mahindi mwaka huu na kuuliza tena mwakani.

Baba yako