Swali sio lini aambiwe, swali ni nani atamuwahi

Wiki hii mmeuliza mtoto wa kuasili aambiwe ukweli akiwa na umri gani. Mimi ni mama wa mtoto wa kuasili, naishi Gungu hapa Kigoma, na msimamo wangu nautoa mapema: miaka 14. Sheria ya Mtoto ya 2009 ndio inavyosema, aambiwe na wazazi waliomuasili, awe ametimiza 14 na iwe kwa faida yake, na mtu mwingine yeyote haruhusiwi kumwambia. Wakili alivyotusomea hicho kifungu nikapumua, nikamwambia mume wangu tuna muda wa kujiandaa.

Hatukufika hata 8.

Nauza dagaa Kibirizi, Jumamosi nilikua nakwenda na mwanangu. Siku hiyo anageuza dagaa kwenye kichanja, na ana utaratibu wake, anachambua kwanza vijiti na uchafu anarundika pembeni, vidole vyote vinang'aa magamba. Mimi na mwenzangu mmoja tumegombania ndoo, ndoo tu jamani, ya lita 20, akapaza sauti, "Ungeshawahi kushika mimba ungekua na adabu, unaringia mtoto wa kuokota!" Mwalo mzima kimya. Mwanangu hakuinua kichwa. Akaendelea kugeuza, ila nikaona anageuza palepale, dagaa walewale, mara tatu, mara nne, mpaka wakaanza kukatika vichwa. Nilitaka kumrukia yule mama, miguu ikagoma. Nikachukua kanga nikamfuta mtoto mikono, kidole kimoja kimoja, tukapanda bodaboda tukarudi nyumbani, dagaa wote nimewaacha kwenye kichanja.

Usiku nikamwambia yote. Kwamba mama aliyemzaa alifariki, kwamba hakuokotwa popote, tulimfuata sisi wenyewe, afisa ustawi akaja akakagua nyumba mpaka chandarua, tukakaa nae kwanza kwa malezi ya muda kabla ya kumuasili kisheria, alafu enzi hizo Mahakama Kuu tulikua tunaifuata Tabora basi tukapanda treni yeye yuko mgongoni kwangu, jaji akatoa amri na kuanzia hapo ni mtoto wetu hata kwenye mirathi. Akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza kitu kimoja tu, "Baba anajua?" Nikamwambia anajua. Akasema haya, akalala.

Kwa hiyo bado nasema 14, kwa anayeishi sehemu ambayo hakuna aliyehesabu miaka yako ya ndoa bila mimba. Huku kwetu wamehesabu. Sheria inamkataza jirani kusema sawa, lakini nani atampeleka polisi mtu mnaekopeshana chumvi? Na kila nikikumbuka wale dagaa nawaza, ningekua nimeshamwambia tangu ana miaka mitatu, yale maneno yangekua tusi langu mimi, yeye yasingempa habari mpya. Sijui niseme 14 tena au vipi, labda kila mtu aangalie mtaa wake.

Sasa hivi tuna wa pili, binti wa mwaka na nusu, bado yuko kwenye malezi, shauri halijaisha. Nikimuogesha namsimulia, haelewi, namsimulia hivyohivyo. Kaka yake ana miaka 12 sasa, kinachomsikitisha ni kimoja, Mahakama Kuu siku hizi ipo hapahapa Kigoma, kwa hiyo mdogo wake hatapanda treni.