Kima ya Kiitaliano: bizari irudi kabatini kwanza

Dada aliyeuliza kwa nini spageti yake ya nyama huishia na mchuzi mwepesi, mkali wa nyanya, na kima iliyoganda vidonge vidonge: nimesoma vipimo vyako nikaona shida ilipo. Tungule kilo nzima kwa nusu kilo ya kima, moto mkubwa, dakika 40. Hapo umepika mchuzi wa kima, tena mtamu bila shaka, lakini ile ragu, rojo zito la nyama la watu wa mji wa Bologna kule Italia, ina njia yake nyingine.

Nayasema haya kwa kuwa nami nilianguka papo hapo. Nilifanya kazi miaka minne jikoni kwenye mkahawa mmoja Malindi. Kule Waitaliano tumewazoea, tangu miaka ya 1960 walipokuwa wakirusha roketi kutoka jukwaa lao la San Marco baharini. Siku niliyoachiwa sufuria kwa mara ya kwanza nikapika nilivyofunzwa na mamangu: thomu, tangawizi, kijiko cha bizari, dania juu. Mama wa Kiitaliano aliyekuwa mkubwa wetu akaonja, akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Hiki mle nyinyi, ni kizuri.” Wageni hawakupelekewa hata kijiko.

Bologna wana mapishi yaliyoandikishwa rasmi kwenye chemba ya biashara ya mji wao mwaka 1982, yakarekebishwa 2023. Katika hayo ya 2023, nyama ya ng'ombe gramu 400 yaenda na nyanya ya kusaga gramu 200 tu na kijiko kimoja cha nyanya nzito ya kopo. Linganisha na kilo yako. Thomu imekatazwa kwa jina, na viungo vyetu vyote vimeingia kwenye katazo hilo. Inauma, najua. Chumvi na pilipili manga, basi.

Kuna mawili ambayo sisi wengine hatuyatii: pancheta, ambayo ni nguruwe, na nusu glasi ya mvinyo. Badala ya pancheta mimi humwambia wa bucha anisagie kidari pamoja na mafuta yake, kwa matundu makubwa, mara moja tu. Kima ya sambusa ni laini mno, itakuwa uji. Badala ya mvinyo naweka kikombe cha supu ya mifupa na kijiko cha chai cha siki. Mtu wa Bologna akikataa kuiita ragu, sitabishana naye.

Haya, sufuriani. Nusu kitunguu, karoti moja na bua moja la seleri (mimi huinunua sokoni Marikiti), vyote vikatwe vidogo sana, kuliko vya kachumbari. Vipike kwa mafuta, moto mdogo, mpaka vilegee bila kugeuka rangi. Kisha tia nyama, ongeza moto, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Nyama itatoa maji. Utaona povu la kijivu na utasikia inatokota. Ukitia nyanya sasa hivi, umeichemsha, na itabaki na ile ladha ya nyama ya kuchemsha hata uipike mpaka alfajiri. Subiri. Vunjavunja vidonge kwa mwiko. Maji yakikauka sauti hubadilika, inaanza kuchachatika kama kitu kikaangwacho, kwa sababu sasa imebaki na mafuta yake tu. Harufu nayo inageuka, inakaribia ya mshikaki. Chini ya sufuria pataanza kushika rangi ya kahawia. Mimi hungoja hata dakika 15, na sitoki jikoni, kwa maana kati ya kahawia na kuungua ni simu moja ukiipokea.

Sasa siki na supu, ukwangue ile kahawia yote ya chini iingie kwenye rojo. Baadaye nyanya, na supu kidogo tena.

Halafu ni saa mbili hadi tatu za moto mdogo kabisa. Gesi ikiwa bei hii, nakuelewa ukikata kona. Mimi huhamishia sufuria kwenye seredani, makaa machache niliyoyafunika jivu, kifuniko nakiacha wazi upenyo. Uso wa rojo utoe kipovu kimoja, upumzike, utoe kingine. Ukiona inaruka na kuchafua ukuta, ondoa makaa. Ikikauka, supu ya moto kijiko kikubwa kimoja, si jagi. Maziwa ni hiari: nusu glasi, natia kidogo kidogo kuelekea mwisho, na ndiyo dawa ya ule ukali wa nyanya unaokusumbua. Sukari achana nayo. Utajua iko tayari ukiburuta mwiko chini ya sufuria, njia ikabaki wazi kidogo kabla ya kujifunga, na mafuta ya rangi ya chungwa yakaelea pembeni. Usiyaengue.

Kuhusu spageti: Bologna huila ragu na taliatele, zile tambi pana, kwa kuwa rojo zito huteleza kwenye spageti na kubaki chini ya sahani. Usihangaike kuzitafuta dukani. Yai moja kwa kila gramu 100 za unga wa ngano, kanda, ufunike nusu saa, sukuma kwa kibao na kifimbo cha chapati mpaka uone kivuli cha mkono wako upande wa pili, kunja, kata. Wenyewe wanataka upana wa milimita 8 zikishaiva. Vyangu havijawahi kulingana na hakuna aliyelalamika. Zikiwa fresh, dakika mbili au tatu kwenye maji mengi ya chumvi. Teka kikombe cha maji hayo kabla ya kuchuja, kisha changanya tambi na rojo ndani ya sufuria juu ya moto, ukilainisha kwa maji yale. Usimwage rojo juu ya tambi kavu kama wali na mchuzi.

Lakini usimwambie bibi mzaa mama kwamba unapika tambi. Wangu alikuja mbio akiuliza nazi na iliki ziko wapi.