Shamba limetwaliwa, au mtu kanyang'anywa shamba?

SWALI: Assalaamu alaykum, Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Pemba, na baba yangu ana shamba la mikarafuu lililo ukingoni mwa barabara inayotarajiwa kupanuliwa. Tumeletewa barua inayosema kwamba sehemu ya shamba "imetwaliwa kwa manufaa ya umma", na ndani yake tunaitwa "wananchi wanaopisha mradi". Kaka yangu anasema tumenyang'anywa, ami yangu anasema shamba limetaifishwa, na baba, alipokwisha kusomewa barua, aliuliza jambo moja tu: "Nani kalitwaa?" Lipi katika maneno haya ndilo sahihi? Na jengine: nimesoma habari ya Marekani iliyofasiriwa kwamba mji fulani ulitumia "kikoa mashuhuri" kuchukua nyumba za watu. Kikoa hicho ni kitu gani?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam warahmatullah. Nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, na kila mara nimerudi kwenye suala la mzee, kwa sababu yeye, bila ya kutaja istilahi hata moja, ameligusa hasa lile ambalo sarufi ya barua hiyo imelificha. Nitaanza na kitenzi chenyewe, kisha nitayaeleza maneno ya kaka yako na ya ami yako, na habari ya Marekani nitaiweka mwisho.

Kutwaa ni neno la Kiswahili la zamani, na maana yake ya msingi ni kuchukua kitu na kukitia mkononi mwako. Neno lenyewe halina ubaya wala wema. Mtu hutwaa kalamu, hutwaa nafasi, hutwaa ushindi. Wataalamu wa sheria walipohitaji jina la tendo la serikali kuichukua ardhi ya mtu kwa njia ya sheria na kumlipa, walilichagua neno hili, na ndiyo maana Tanzania Bara kuna Sheria ya Utwaaji wa Ardhi ya mwaka 1967. Kwa maana hiyo, aliyeandika barua yenu hakukosea neno. Utwaaji ndiyo istilahi iliyozoeleka, nami naiona kuwa ni nzuri kwa sababu ni fupi, ni ya Kiswahili, na haimhukumu mtu kabla ya kusikilizwa.

Lakini angalieni linavyofanya kazi katika sentensi. Vitenzi vyetu vingi hutofautisha kwa sauti kati ya kitu kilichotendwa na mtu aliyetendewa. Tunasema "mkarafuu umekatwa", na tukitaka kumtaja mwenye mkarafuu tunasema "mzee amekatiwa mkarafuu wake". Kukatwa ni kwa mti, kukatiwa ni kwa mtu, na msikilizaji hababaiki. Kutwaa hakutupi neema hiyo, kwa kuwa mzizi wake unaishia kwa irabu na kauli zake mbili hukutana katika umbo moja: "shamba limetwaliwa" na "mzee ametwaliwa shamba lake" zote zina "twaliwa". Ndivyo ilivyo pia kwa kuchukua, ambako kitu huchukuliwa na mtu naye huchukuliwa kitu chake. Umbo likiwa ni moja, mwandishi wa ofisini hulianza na shamba, kwa sababu sentensi ya shamba ni nyepesi kuliko sentensi ya mtu. Hapo mwenye shamba hutoweka. Na kwa kuwa ni kauli ya kutendwa, anayetwaa naye hutoweka ikiwa hakutajwa kwa "na". Sentensi inabakia na shamba peke yake, kama kwamba limejiondokea. Suala la "nani kalitwaa?" halikutokana na mzee kutofahamu Kiswahili cha barua, alikifahamu vizuri mno, akaona kwamba sentensi aliyosomewa haina watu.

Sasa tulitazame neno la kaka yako. Kunyang'anya kuna jambo ambalo kutwaa hakuna: ni kitenzi kinachomdai mtu. Hatusemi "ameunyang'anya mkoba" tukanyamaza bila ya msikilizaji kusubiri kuambiwa ni mkoba wa nani. Tunasema "amemnyang'anya bibi mkoba wake". Na katika kauli ya kutendwa, anayekaa mwanzo wa sentensi ni huyo bibi: "bibi amenyang'anywa mkoba". Kwa hivyo neno hili linabeba mambo mawili kwa pamoja, nguvu iliyotumika na mtu aliyetumiwa nguvu hiyo. Vijana hulipenda kwa sababu ya hilo la kwanza. Mimi nafikiri thamani yake kubwa iko katika la pili.

Wako wanaosema kwamba kunyang'anya ni neno la mtaani lisilofaa kuandikwa kuhusu serikali. Hilo si kweli. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 24, baada ya kutaja haki ya mtu kumiliki mali, inapiga marufuku mtu yeyote kunyang'anywa mali yake kwa madhumuni ya kuitaifisha au madhumuni mengineyo bila ya idhini ya sheria inayoweka masharti ya kutoa fidia inayostahili. Neno kunyang'anywa limo humo, katika maandishi mazito kuliko yote nchini. Nalo limewekwa mahali pake khasa, kwa kuwa ibara hiyo imeandikwa kwa ajili ya mtu na si kwa ajili ya ardhi, na kwa hivyo ilihitaji kitenzi ambacho mtu ndiye anayekaa mbele. Hata hivyo, nakushauri umwambie kaka yako jambo moja. Katika mazungumzo ya kawaida, anayesema "tumenyang'anywa" amekwishatoa hukumu kwamba haki haikutendeka. Ikiwa barua imefuata sheria, mthamini amefika shambani, na malipo hayajakataliwa, basi hukumu hiyo imewahi. Ikiwa ardhi itachukuliwa na fidia isionekane, neno lake litakuwa ni sahihi, na hakuna atakayeweza kumwambia kwamba ametukana. Wazee wetu walikuwa na neno jengine la Kiarabu, kughusubu, yaani kuchukua mali ya mtu kwa nguvu bila ya haki, ambalo hadi leo husikika katika darsa za misikitini. Hilo ni kali zaidi, kwa sababu halina upande wa halali hata kidogo.

La ami yako ndilo ninalolikataa, ingawa najua lilikotoka. Kutaifisha kumejengwa juu ya neno taifa: ni kukifanya kitu kuwa mali ya taifa kwa uamuzi wa kisiasa unaogusa aina nzima ya mali, si kipande cha shamba kilichohitajiwa na barabara. Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 1967, mabenki yalitaifishwa. Hapa kwetu, baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, Serikali ilitangaza mwezi wa Machi mwaka huo huo kwamba ardhi yote ni mali ya Serikali, na baadaye wananchi wakagaiwa eka tatu tatu. Mtu wa umri wa ami yako amekulia katika lugha hiyo, na neno likimjia mdomoni si ajabu. Lakini barabara inayopita Pemba haiitaifishi mikarafuu ya baba yako, inakitwaa kipande. Tukiyachanganya maneno haya mawili tutakuwa hatuna tena neno la kuyaeleza yale ya mwaka 1964 na 1967.

Historia hiyo pia inaeleza kwa nini nasita kuandika "mali binafsi" kila penye ardhi ya Zanzibar. Kwa mujibu wa Sheria ya mwaka 1992 inayohusu umiliki wa ardhi, ardhi ni ya umma na iko chini ya Rais, na mwananchi anapewa haki ya kuitumia. Anachoweza kukiita chake bila ya kutafutiwa maneno ni haki hiyo, pamoja na nyumba aliyoijenga na miti aliyoipanda, na sisi tangu zamani tumezoea kuutenga mti na ardhi iliyousimamisha. Kwa hivyo ukiona katika fomu neno "vipando", lisome kwa makini, maana ndimo mikarafuu ilimo. Mche uliopandwa mwaka jana ni kipando, na mkarafuu aliouacha babu yako, unaopandwa kwa ngazi kila msimu, nao ni kipando. Neno ni moja, thamani si moja. Mkarafuu hukaa miaka 6 au 7 hata kuanza kuzaa, na fomu isemayo "vipando 14" bila ya kutenganisha michanga na inayozaa imefichua hesabu na kuficha mali. Hilo ni jambo la lugha kabla ya kuwa jambo la fedha. Na anayekuja kuhesabu anaitwa mthamini, kazi yake ni uthamini. Tathmini ni neno pana zaidi, tunalolitumia hata kwa kupima mafanikio ya somo skuli.

Niliweke hapa neno fidia, kwa kuwa limeanza kusukumwa pembeni na "kifuta jasho" na "mkono wa pole". Fidia tumeipata kwa Kiarabu, na kila aliyesoma kisa cha Nabii Ibrahim na mwanawe anajua maana yake ya asili: mnyama aliyechinjwa alisimama mahali pa kijana. Fidia ni kitu kinachosimama mahali pa kitu kilichoondoka, na kwa hivyo ni lazima kiweze kusimama hapo. Ndiyo maana Katiba haikusema fidia tu, imesema fidia inayostahili. Kifuta jasho ni hisani ya mtoaji, akipenda hutoa na akipenda huacha, na mpokeaji hana la kudai. Barua rasmi ikiita malipo ya shamba lililotwaliwa kwa jina la kifuta jasho, imegeuza deni kuwa zawadi. Msilikubali neno hilo hata kwa adabu.

Adabu inanikumbusha "kupisha". Neno hili nalipenda, na kwa sababu nalipenda linaniuma linapotumiwa vibaya. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe, ambamo watu wawili na baiskeli hawawezi kupita kwa pamoja, "nipishe" husemwa mara nyingi kwa siku, na anayepisha hujibana ukutani kwa hiari, mwenzake hupita, naye hurudi katikati ya njia akaendelea na safari yake. Kupisha ni jambo la muda mfupi, la hiari, na aliyepisha harudi akakuta njia haipo. Anayeondoka katika shamba lake moja kwa moja hakupisha. Amehama, au amehamishwa. Nafahamu kwamba waandishi wa barua hulitumia neno hili kwa kutaka upole, na upole ni jambo jema. Lakini upole wa kweli ungekuwa ni kuandika "wananchi waliotwaliwa ardhi", kwa sababu hapo wangeonekana na wao na kilichowatoka.

Sasa kikoa. Kikoa kwa Waswahili ni chakula kinachopikwa kwa zamu na kuliwa pamoja, leo kwa huyu na kesho kwa yule. Kisha wataalamu wa kompyuta wakalichukua neno kwa jina la anwani ya tovuti katika intaneti. Aliyeifasiri habari yako amekuta istilahi ya sheria ya Kiingereza yenye maneno mawili, "eminent domain", akafasiri neno moja moja, na la pili akalipa maana ya intaneti. Istilahi hiyo haina uhusiano na tovuti wala na umashuhuri. Maana yake ni mamlaka ya serikali ya kutwaa mali ya mtu kwa manufaa ya umma baada ya kumlipa fidia, na kwa Kiswahili inatosha kabisa kusema "mamlaka ya utwaaji".

Habari uliyoisoma pengine ni ile ya mji wa New London, katika jimbo la Connecticut, na ikiwa siyo hiyo, bado itakufaa. Marekebisho ya Tano ya Katiba ya Marekani, ya mwaka 1791, yanakataza mali ya mtu kuchukuliwa kwa matumizi ya umma bila ya fidia ya haki. Mji huo ulitaka kuzitwaa nyumba za watu, ikiwemo ya Susette Kelo, si kwa barabara wala hospitali, bali kwa mpango wa maendeleo utakaoendeshwa na watu binafsi, kwa hoja kwamba utaleta ajira na kodi. Mwaka 2005 Mahakama Kuu kabisa ya nchi hiyo iliupa mji ushindi kwa kura 5 dhidi ya 4, kwa kulisoma fungu la "matumizi ya umma" kwa maana ya "lengo la umma". Mpango haukutimia, na ardhi ikakaa tupu kwa miaka. Watu walipoteza nyumba kwa tofauti ya neno moja, na sisi tunaandika "matumizi ya umma", "manufaa ya umma" na "maslahi ya umma" kama kwamba ni kitu kimoja. Matumizi ni pale umma unapoingia na kutumia: barabara, skuli, bandari. Manufaa ni pana zaidi, maana umma unaweza kunufaika na kitu usichokigusa. Maslahi ni pana kuliko yote, na kwa hivyo ndilo rahisi kuliko yote kudaiwa na ndilo gumu kuliko yote kupimwa.

Barua yenu imesema manufaa, na kwa kuwa jambo lenyewe ni barabara, hapo hamna la kuwapinga. Mzee akitaka kujibu, na naona ajibu kwa maandishi na nakala moja aikabidhi kwa sheha, sentensi yake ya kwanza naiandika hivi: "Mimi nimetwaliwa na Serikali sehemu ya shamba langu yenye mikarafuu inayozaa na michanga, ambayo naomba ihesabiwe mbali mbali, na naomba kujulishwa kiasi cha fidia na siku ya kulipwa." Ndani yake yumo aliyetwaa, yumo aliyetwaliwa, na mikarafuu imo kwa jina lake.