Maswali na majibu: Kuandika makala za wanahisabati katika kamusi elezo

Swali: Sentensi ya kwanza iseme nini?

Jibu: Jina, tarehe, tawi la hisabati, kisha alichofanya. "Gwiji" na "maarufu duniani kote" futa bila huruma. Kwa Emmy Noether (1882–1935), andika kwamba mwaka 1918 alichapisha uthibitisho unaounganisha ulinganifu wa sheria za fizikia na viasi visivyobadilika, kama vile nishati. Msomaji ataona mwenyewe ukubwa wake.

Swali: Kitabu kimoja kinasema Newton alizaliwa 25 Desemba 1642, kingine 4 Januari 1643. Kipi kimekosea?

Jibu: Hakuna. Uingereza ilitumia kalenda ya Juliasi, iliyokuwa nyuma kwa siku 10 Newton alipozaliwa, hadi 1752. Tarehe ya pili ni ya kalenda ya Gregori, tunayotumia leo. Chagua moja, nyingine itie kwenye mabano, na taja kalenda. Usimzalishe kwa Juliasi ukamzika kwa Gregori (31 Machi 1727), maana utakuwa umemwongezea siku 10 za kuishi.

Swali: Kanuni ikiitwa kwa jina la mtu, si ndiye aliyeigundua?

Jibu: Mara nyingi siye, na hapa ndipo makala nyingi huharibika. Kanuni ya L'Hôpital, ya kukokotoa vikomo, ilitoka kwa mwanahisabati Johann Bernoulli, ambaye l'Hôpital alikubali kumlipa mwaka 1694 ili ampelekee matokeo yake. Ikatokea katika kitabu cha l'Hôpital cha 1696. Kwa hiyo chagua kitenzi kwa uangalifu: aligundua, alithibitisha, alichapisha, alieneza. "Anajulikana kwa" huficha tofauti zote hizo.

Tenganisha pia mwaka wa kuandikwa na wa kuchapishwa. Mwanahisabati Mfaransa Galois alifariki 31 Mei 1832, lakini maandishi yake makuu yalitolewa na mwenzake Liouville mwaka 1846. Anayesoma 1846 peke yake atadhani kazi ilifanywa baada ya Galois kufa. Na ile simulizi kwamba Galois aliandika nadharia yake yote usiku wa kuamkia pambano la bastola lililomuua haisimami: alikwisha kuchapisha makala mwaka 1829 na 1830, na usiku ule alikuwa akirekebisha na kuandika barua ya kueleza kazi iliyokuwapo tayari.

Swali: Basi hata kile kisa cha mwanahisabati Gauss, kwamba akiwa mtoto darasani alijumlisha 1 hadi 100 mara moja, nikifute?

Jibu: Kibakize, ila sema ni simulizi. Sartorius von Waltershausen, aliyeandika maisha ya Gauss mwaka 1856, anataja zoezi la kujumlisha darasani bila kutaja namba hizo. Wameziongeza waliofuata.

Swali: Picha naichukua popote?

Jibu: Fuatilia mpaka ujue ilichorwa na nani, ya nani. Sura iliyozunguka kwa miaka mingi kama ya mwanahisabati Adrien-Marie Legendre ni ya mwanasiasa Louis Legendre. Ya mwanahisabati mwenyewe inayojulikana ni katuni ya mchoraji Boilly ya 1820. Ukikosa picha ya uhakika, acha nafasi tupu.